Shubiri ya Carmen

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeiandika katika insha mpaka kalamu zimechoka. Mwalimu akiuliza maana yake darasani, mikono yote juu. Lakini hebu niwaulize, wapenzi wasomaji wa jarida letu: hiyo mila tunaiachia wapi? Na ni nani anayetuambia tuiache? Jibu langu sikulipata katika kitabu cha methali. Nililipata katika kitabu cha watoto, chembamba kama daftari la hesabu, kilichochorwa na mwanamke wa Texas, Marekani, ambaye sijawahi kumwona na huenda nisimwone maishani.

Kitabu chenyewe kilikuja maktabani ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Wenzangu waliking'ang'ania kile cha fizikia chenye majibu nyuma, hiki wakakiacha, ati ni cha chekechea. Mimi ninayependa kuchora nilikichukua kwa sababu ya picha. Kina majina mawili juu ya jalada: Family Pictures kwa Kiingereza, na Cuadros de familia kwa Kihispania. Kilichapishwa San Francisco mwaka 1990, na aliyekichora ni Carmen Lomas Garza. Kila ukurasa una picha ya nyumbani kwao, na kando yake maelezo kwa lugha zote mbili. Hakuna lugha iliyosukumwa chini kwa herufi ndogo kama mgeni aliyekosa kiti. Zote zimekaa sebuleni.

Picha ya kwanza kunishika ni ya jikoni. Jamaa nzima wanatengeneza tamales, chakula cha unga wa mahindi chenye nyama ndani, kinachofungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Babu yupo, nyanya yupo, wajomba, shangazi na watoto. Carmen anaeleza kwamba katika jamaa nyingine kazi hiyo ni ya wanawake peke yao, lakini kwao kila mtu husaidia. Nilicheka peke yangu. Unga wa mahindi! Jikoni kumejaa watu! Kumbe Texas nako kuna nyumbani.

Carmen Lomas Garza alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Kingsville, kusini mwa Texas, karibu na mpaka wa Mexico. Yeye ni Chicana, yaani Mmarekani mwenye asili ya Mexico. Mwanamume huitwa Chicano. Zamani wengine walilitumia jina hilo kwa dharau, lakini katika miaka ya 1960 vijana walilichukua wakalivaa kama nishani. Msidhani watu hawa wote ni wageni waliohamia Marekani juzi. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico hadi mwaka 1836, ikaingizwa Marekani mwaka 1845, na baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1848 Mexico ilipoteza ardhi nyingine kubwa sana. Kwa hiyo kuna jamaa ambazo hazikuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliozivuka. Sisi Wakenya tunalielewa jambo hili bila kuchorewa ramani. Waulizeni Wamaasai na Wadigo, ambao ndugu zao wako upande wa pili, Tanzania.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niketi wima. Carmen alipokuwa shuleni, watoto waliadhibiwa kwa kusema Kihispania, lugha ya mama zao. Na haukuwa ukali wa mwalimu mmoja aliyeamka vibaya. Tangu mwaka 1918 Texas ilikuwa na sheria iliyokataza kufundisha kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, na sheria hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1969. Mtoto anatoka kwao asubuhi ameagwa na mama kwa lugha tamu, akifika darasani lugha ile ile imekuwa kosa.

Nani kati yetu hajui habari hiyo? Katika shule ya msingi niliyosoma palikuwa na kipande cha mbao chenye uzi. Ukisikika unasema lugha ya nyumbani, unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako umvishe yeye. Mimi nilivishwa nikiwa darasa la nne, kwa kumwambia mdogo wangu kwa Kitaita kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, asije akaanguka. Tena, jamani, wiki moja mwenzetu alivishwa kwa sababu ya Kiswahili, lugha ya taifa, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya Kiingereza! Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mambo ya aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, kuhusu shule za enzi za ukoloni. Kibao kile kilikuwa chepesi kama kijiti cha kiberiti, lakini nikikikumbuka bado nasikia uzito wake shingoni.

Mwanafunzi akitendewa hivyo ana njia tatu. Anaweza kunyamaza, anaweza kujichukia, au anaweza kutafuta lugha nyingine ambayo haina kibao. Carmen alitafuta picha. Mama yake alikuwa mchoraji ambaye hakufundishwa na mtu. Alikuwa akichora kwa wino na rangi za maji kadi za lotería, mchezo unaofanana na bingo, ila badala ya nambari kuna picha kama jogoo, mwezi na jua. Anayeongoza hutaja picha, nawe ukiwa nayo kwenye kadi yako unaiwekea alama. Mtoto alimtazama mama akichora akaona ni kama miujiza. Alipofika umri wa miaka 13, aliamua kwamba atakuwa msanii. Umri wa miaka 13! Wengine wetu mpaka leo hatujaamua tutakula nini kantini.

Alisomea sanaa katika chuo kikuu cha mji wake, Texas A&I, akamaliza mwaka 1972. Hicho kilikuwa kipindi cha vuguvugu la Wachicano. Wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walikuwa wamegoma California kuanzia mwaka 1965, na mwaka 1969 wanafunzi wa mji wa Crystal City, huko huko Texas, waliacha madarasa wakidai haki zao. (Mwalimu Mkuu asishtuke, sihimizi mgomo hapa.) Carmen naye aliingia katika vuguvugu hilo kwa brashi na sindano. Alisema wazi nia yake: kuchora mambo ya kila siku na ya sherehe ya watu wake, ili wao wajitambue na kujithamini, na wasiowajua wapate kuwajua.

Nimesema sindano, nanyi mtashangaa. Kazi zake nyingi za mwanzo hazikuwa za rangi. Zilikuwa chapa, yaani picha zinazochapwa. Ufundi wenyewe ni hivi. Msanii huchukua bamba la madini kama shaba au zinki na kulipaka kitu cha nta. Kisha huchora juu ya nta kwa sindano, na kila mstari huacha madini wazi. Bamba hutiwa ndani ya tindikali. Palipo na nta tindikali haigusi, lakini palipochorwa inakula madini na kuacha mfereji mwembamba. Nta huondolewa, wino husuguliwa mpaka uingie mifereji yote, na uso wa bamba hufutwa. Karatasi yenye unyevu huwekwa juu, vyote hupitishwa kwenye mashine yenye magurudumu mazito, na picha hutoka ikiwa imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Ndivyo ilivyotengenezwa chapa yake ya mwaka 1972 iitwayo Lotería-Tabla Llena, inayoonyesha watu wa nyumbani wamekusanyika nje wakicheza mchezo ule ule aliouchora mama.

Huo ufundi ulinifikirisha. Tindikali huuma, lakini pasipo kuuma hakuna mstari, na pasipo mstari hakuna picha. Sisi hapa hatuna shaba wala mashine, lakini muhula uliopita wachache wetu tulichonga chapa kwa soli za ndara kuukuu na wembe, tukapaka wino wa kiwi, tukakandamiza kwa kijiko. Zilitoka. Jina la Chama cha Kiswahili lilitoka limegeuka nyuma mbele kama maandishi kwenye kioo, tukaangua kicheko hata mwangalizi wa bweni akaja kuuliza kulikoni. Faida ya chapa ni kwamba bamba moja huzaa nakala nyingi. Mchoro wa rangi humwendea tajiri mmoja ukutani kwake, lakini chapa yaweza kufika hata kwa asiye na kitu.

Baadaye Carmen alihamia San Francisco, na kadiri miaka ilivyokwenda picha zake zikajaa rangi. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1985, Camas para sueños, yaani vitanda vya ndoto. Iko katika jumba la Smithsonian la sanaa ya Marekani, mjini Washington. Ni usiku. Wasichana wawili, Carmen na dada yake, wako juu ya paa la nyumba wakiangalia mbingu. Chini yao dirisha lina mwanga, na ndani mama anatandika kitanda. Carmen anaeleza kwamba mama yake naye alitamani kuwa msanii, na kwamba ndiye aliyewatandikia wao kitanda cha kuotea ndoto. Niliposoma hayo nilifunga kitabu kidogo. Mama yangu huamka saa kumi alfajiri kuuza mboga ili karo ilipwe, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye alitamani kuwa nani. Likizo iliyopita nilimuuliza. Alisita, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Mwalimu, mwanangu. Wa hesabu." Kisha akarudi kupanga nyanya mafungu mafungu, matano matano, sawasawa kabisa.

Tuje sasa kwa jambo zito, mambo ya roho. Katika kitabu kile kuna picha ya curandera, yaani mganga wa kienyeji wa Kimexico. Mwanamke jirani amelala kitandani akiugua mafua makali. Alikuwa ameshakwenda kwa daktari wa kawaida akapewa dawa. Lakini pia alimwita mganga, aje amtakase kwa matawi ya mmea uitwao ruda, na ubani ufukizwe kwenye mkebe wa kahawa miguuni pa kitanda. Picha nyingine, ya mwaka 1987, inaitwa El milagro, muujiza. Watu wamekwenda kwenye shamba dogo kwa sababu imesemekana sura ya Bikira wa Guadalupe imeonekana kwenye tangi la maji. Carmen hamcheki mtu katika picha hizi, wala hampigi mtu mahubiri. Anachora kila kitu kwa uangalifu ule ule: tangi, watu, mkebe, matawi. Ni kama anasema, "Hivi ndivyo tulivyoishi. Tazama kwanza, hukumu baadaye."

Na kuna mmea mmoja ambao anautaja akieleza sanaa yake yote. Kwao unaitwa sábila. Nao si mwingine, wasomaji wangu, ila mshubiri! Kwao, mtu akiungua, jani hupasuliwa na utomvu wake wa baridi ukapakwa juu ya kidonda. Carmen anasema kazi zake ni kama mmea huo, za kuponya vidonda vilivyoachwa na ubaguzi. Sisi shubiri tunaijua kwa uchungu wake. Kiswahili chote kinasema "chungu kama shubiri". Lakini nyanya yangu, kule milimani Taita, ana mishubiri mitatu nyuma ya jikoni, na tangu utotoni nimeona watoto wa jirani wakiletwa kwake na vidole vilivyoungua kwa uji. Hupaka, hupuliza, huomba kwa Jina la Yesu, kisha humwambia mama wa mtoto, "Haya, mpeleke zahanati upesi." Jumapili hakosi kanisani, na ana kitambaa chake cheupe cha kichwani kwa siku hiyo. Kwake yeye mambo hayo hayana vita.

Mexico na jamii za Wachicano wana siku zao za kuwakumbuka wafu, tarehe 1 na 2 Novemba. Hupanga meza yenye picha za marehemu, maua ya manjano, mishumaa na vyakula walivyopenda, na mafuvu ya kuchora au ya sukari hupamba kila mahali. Carmen mwenyewe ametengeneza meza za namna hiyo katika majumba ya sanaa. Mwenzangu mmoja alipoziona picha akasema, "Wee, hao watu hawaogopi mafuvu?" Nilimjibu kwamba hata sisi Wataita hatukuyaogopa. Zamani wazee wa ukoo waliyahifadhi mafuvu ya wazee waliotangulia katika mapango, wakaenda huko kutambika. Mengine yangali huko. Simwambii mtu arudi mapangoni kusali. Nasema tu kwamba kumkumbuka babu si dhambi, wala si ushenzi.

Nimefika penye kiini cha makala haya. Mnajua kwamba chama chetu kimepewa ukuta wa nje wa maktaba tuuchore. Mapendekezo yaliyoletwa ni mengi: simba, Mlima Kenya, ramani ya dunia, nembo ya shule. Mimi nilipeleka mchoro wa nyanya chini ya dari ya makuti ya jikoni, jani la mshubiri mkononi, mtoto amemnyoshea kidole, Biblia dirishani, na kadi ya zahanati imechomekwa ukutani kwa mwiba. Pembeni niliandika maneno matatu, kwa Kitaita, Kiswahili na Kiingereza, yote kwa herufi za ukubwa mmoja. Mkutanoni mambo yalichemka. Ndugu mmoja, ambaye namheshimu sana, alisimama akasema huo ni uchawi na shule ya watu wanaomcha Mungu haiwezi kuuchora mlangoni pa maktaba. Mwingine akasema wageni wakija siku ya wazazi watadhani sisi ni watu wa kijijini. Mwalimu mlezi wetu, kwa busara yake, akaahirisha kura hadi muhula ujao, akaniambia, "Andika sababu zako jaridani, wote wazisome kwa utulivu."

Basi hizi hapa. Kwa ndugu yangu wa kwanza: nakubali kwamba uko uganga wa kudanganya na kutisha watu, na huo siuchori. Lakini kupaka utomvu na kuomba si uchawi. Yule mgonjwa wa Carmen alikuwa na dawa za daktari, na mtoto wa mchoro wangu ana kadi ya zahanati. Ukitazama picha yote utaiona. Kwa ndugu yangu wa pili: ni kweli kabisa, sisi ni watu wa kijijini. Wazazi watakaokuja siku hiyo wametoka huko huko, wengi kwa matatu mbili na safari ya miguu. Simba hawajamwona isipokuwa kwenye noti na kalenda. Lakini mama akifika hapa na leso yake mabegani, akaiona jikoni yake imechorwa kwenye ukuta wa maktaba, hatauliza mlango uko wapi. Atajua anaruhusiwa kuingia.

Na iko sababu ya tatu, ambayo ni yangu mwenyewe. Kile kibao cha mbao kilinifundisha kwamba nyumbani ni kitu cha kuacha getini. Sheria ya Texas iliwafundisha watoto wa Kingsville somo hilo hilo. Mmoja wao alikataa, akachora jikoni kwao, ua wao, jirani yao mgonjwa, na paa walipoketi usiku. Leo picha hizo zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya nchi ile ile iliyowaadhibu. Hakutumia tusi hata moja. Alitumia kumbukumbu, rangi, na uvumilivu wa mtu anayengojea tindikali ifanye kazi yake.

Kura ni yenu, ndugu zangu. Mkichagua simba, mimi mwenyewe nitashika brashi nimchore manyoya yake vizuri, kwa kuwa uamuzi wa chama ni uamuzi. Lakini kabla ya kupiga kura, nawaomba jambo moja tu. Likizo hii mkifika nyumbani, ketini jikoni jioni moja na daftari. Tazameni kila kitu: sufuria, kibuyu, picha ya marehemu babu, mkono wa anayepika. Chora hata kama hujui kuchora. Halafu muhula ukifunguliwa leteni daftari hizo kwenye mkutano, tuziweke zote mezani, ndipo tuamue ukuta wetu useme nini.